Mti wa Mzee Deo Ulikaguliwa Makaburini

Niamkieni kwanza. Haya, marahaba. Mstaafu haanzi kuongea kabla hajaamkiwa, hata kama ndevu za mstaafu mwenyewe bado zinajadiliana ziote upande gani.

Najua mnacheka, nyie wadogo zangu mnaoanza kazi ya nyundo. Wastaafu wote mnaowajua hapa Sumbawanga wana mvi, wana fimbo, wanakwenda benki kugombana na dirisha. Mimi nina chunusi. Lakini kazi niliifanya, nikaimaliza, na yenyewe ikanimaliza, kwa hiyo nina haki ya kukaa kitako na kuwaelekeza kama mstaafu yeyote. Mshahara siusemi, mtakata tamaa mapema. Vyeo navyo sivisemi, maana nilianza mshika nyundo nikaishia mshika nyundo, na katikati hapo nilishika nyundo.

Kwanza mjue mnachokishika. Huku juu Ufipa ni mahindi na upepo, mti wa kufungia mbuzi unautafuta kwa miguu. Msitu wetu uko kule ardhi inapoanza kuporomoka kuelekea bonde la Rukwa. Ni wa kijiji, kijiji kina kikundi cha msitu, na kikundi kina cheti. Cheti kinasema hawa watu wanavuna kwa utaratibu: mninga huu unakatwa, ule unaachwa, kisiki kinajulikana, na kila ubao unajulikana umetoka kisiki gani. Kuna wanunuzi wa mbali wanaotaka meza isiyo na dhambi, na hao hawagusi ubao usio na cheti. Cheti kikiondoka, wanunuzi wanaondoka, kikundi kinavunjika, na wachoma mkaa wanaingia msituni kabla vumbi la gari la mkaguzi halijatulia. Hicho ndicho mnachokishika. Nyundo ni mpini tu.

Mimi kuchaguliwa haikuwa akili. Nina darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nakaa karibu na mlango. Nilichaguliwa kwa sababu kwenye semina kikundi kiliambiwa mshika nyundo asiwe na uhusiano na mwenye mbao, asije akapendelea. Sasa kile kijiji kila mtu ni shemeji wa mwenzake, hata majogoo wana undugu. Wakatafuta mtu asiye na ndugu, wakaniona mimi. Wazee wangu walipanda huku kutoka ufukweni mwa Tanganyika na mzigo wa dagaa, wakakuta baridi, wakashindwa hata kugeuka. Basi nikawa mtu safi. Kuwa mgeni ndiyo elimu yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Deogratias, Mzee Deo, mshika nyundo wa kwanza. Alikuwa fundi seremala, mtu wa koti zito mwaka mzima, anavuta ugoro, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo Mungu mwenyewe nadhani alikuwa anaisikiliza kwa uvumilivu. Siku ya kwanza alipoambiwa jina la ukoo wangu, alitema mate pembeni.

"Ukoo gani? Wale walaji wa utumbo wa samaki? Wameniletea mtani anirithi kazi?"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba ya nini? Mtani haamkiwi, anafukuzwa!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Sikuwa na ndugu pale kijijini, ila nilikuwa na mtu wa kunitukana bure kila asubuhi, na ukiwa ugenini hiyo ni mali.

Nyundo ya msituni siyo ya misumari. Upande mmoja una nembo ya kikundi iliyochongwa kwenye chuma. Unaipiga kwenye kichwa cha gogo mara moja, kwa nguvu, nembo inazama. Halafu unagonga namba ya mti kwa vile vyuma vidogo vya tarakimu. Kisiki kinapata namba hiyohiyo. Gogo likipasuliwa, kila ubao unagongwa tena. Siku ile ya kwanza nilitaka kumwonyesha mzee kwamba nina misuli. Nikapiga, nyundo ikateleza, ikashukia buti langu la mpira. Nembo ikatokea vizuri kuliko zote nilizogonga mwaka ule. Nikawa naruka kwa mguu mmoja kuzunguka kisiki.

Mzee Deo akainama, akaikagua. "Safi," akasema. "Sasa na wewe umevunwa kihalali."

Kingine alichonifundisha: usimwamini ubao. Alisema mti ukiwa umesimama unaujua, gogo unalijua, lakini ubao ukishapigwa randa unafanana na ndugu zake wote, hata wa wizi. Kwa hiyo gonga palepale, usiseme nitagonga baada ya chai. Na seremala mzuri, alisema, alama anaielekeza chini. Juu mtu anataka kuona mninga, hataki kuona kiwanda.

Kazi ngumu haikuwa msituni, ilikuwa kijijini. Watu waliona mbao zenye alama zinatafutwa, wakaanza kutaka alama kwenye kila kitu. Kinu. Kigoda. Mlango wa choo. Jamaa mmoja mpeleka asali Laela alikuja na ndoo ya plastiki imejaa, akaniomba niigonge, nikamkatalia, akaivizia nyundo mchana nikiwa nakula. Aligonga kweli, ndoo ikapata ufa asiouona. Magunia ya mahindi ya watu stendi ya Laela yalinyonya asali mpaka nyuki wakafunga barabara.

Lakini kilichotuponza ni mbuzi. Mkaguzi wetu wa kila mwaka alikuwa Madam Tusajigwe, mama wa Mbeya, kofia ya kitambaa, viatu vya kupanda milima, kishikwambi kifuani kama mtoto wa kunyonya. Hana dharau, hana mzaha. Basi anatoka msituni, anakutana na mbuzi njiani ana nembo ya kikundi ubavuni, rangi nyekundu.

"Mbuzi huyu ana cheti cha msitu?" akauliza.

Mwenye mbuzi akajibu bila hata kupepesa, "Anakula humohumo, madam. Na hamalizi, anaachia."

Mimi nilicheka. Madam hakucheka. Alituandikia onyo: mwakani mti mmoja tu ukikosa kuonyesha mbao zake zilikokwenda, cheti kinafutwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Nestory, alirudi nyumbani akapaka mbuzi wake wote majivu, kwa tahadhari.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yangu ilipofikia.

Kila mwanakikundi aliruhusiwa mti mmoja kwa matumizi ya nyumbani. Wengine walichonga vitanda, wengine milango. Mzee Deo alichonga jeneza lake. Aliniambia hawaamini mafundi wa siku hizi, watamlaza kwenye mbao za sanduku la soda. Alilipiga randa mpaka unajiona usoni. Na kwa kuwa hakuwa na haraka ya kulitumia, mkewe, Bibi Skola, alilijaza maharage. Miaka yote hiyo jeneza lilikaa kona ya sebule, kitambaa cha kufuma juu, redio juu ya kitambaa. Wageni walikuwa wanalisifia kabati.

Mzee Deo akaugua kifua wakati wa baridi kali, akafariki. Bibi Skola akayatoa maharage, mzee akaingia. Maharage yakaenda jikoni kupikiwa waombolezaji. Mimi sijawahi kuona kitu kimepangwa vizuri namna ile.

Siku ya mazishi, asubuhi, gari la Madam Tusajigwe likaingia kijijini. Hakujua kuna msiba, na ratiba yake haikuwa na nafasi ya siku nyingine. Mwenyekiti Nestory akasema tumwahishe, achague kisiki, aondoke, tukazike. Madam akawa anapita katikati ya visiki kama mtu anachagua kuku sokoni. Visiki vyote vile. Vyote! Akasimama kwenye cha Mzee Deo.

"Huu. Mbao zake ziko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Zipo, madam. Matumizi ya nyumbani. Zilichongwa sanduku."

"Vizuri. Twende nikalione."

"Linatumika, madam."

"Hata kama. Watoe vitu, nilione, watavirudisha."

"Siyo vitu, madam. Ni mtu."

"Mtu yuko ndani ya sanduku?"

"Ndiyo, madam."

"Anafanya nini humo? Mwambieni atoke!"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikasema, "Madam, hilo nadhani litasubiri mpaka parapanda."

Alielewa polepole. Akavua kofia, akakaa juu ya kisiki kilekile. "Poleni sana," akasema. Kisha akasema kwa unyonge, "Lakini nikiandika nimeuona wakati sijauona, huo ni uongo. Na nikiandika sijauona, nimewafutia cheti. Mazishi ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi mpaka saa tisa tuna muda."

Tukashuka msibani. Madam akajifunga kanga ya kuazima, akamwamkia Bibi Skola, akapewa pole ya safari na sahani ya ugali na maharage. Alikuwa na njaa, maskini. "Maharage haya mazuri sana," akaniambia.

"Yalitunzwa vizuri, madam," nikasema, nikaenda kusimama mbali.

Mwenyekiti akamfuata mdogo wa marehemu, Mzee Fide, msimamizi wa msiba, mtu wa fimbo na hasira. Alimwomba kwa heshima zote, jeneza liinuliwe kidogo tu, alama iko chini. Nilimsikia Mzee Fide kutoka kwenye migomba.

"Kaka yangu mumpindue mchungulie matako ya jeneza? Yeye ni pikipiki, mnatafuta namba ya chesisi? Atakayegusa jeneza hili kabla ya kaburi namlaza pembeni yake!"

Mwenyekiti akarudi amenyauka. "Cheti kimekwenda," akaniambia. "Msitu umekwenda, Zaka."

Ndipo likanijia. Ndugu hawezi kugusa. Rafiki hawezi. Mwenyekiti hawezi, hata askofu angefikiria. Lakini mtani! Mtani kwenye msiba anavaa suruali ya marehemu, anaiga alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza, analala kaburini anasema hapa ni kwake, na hakuna mwenye ruhusa ya kumpiga. Ni kazi yake. Asipoifanya, watu wanasema marehemu alizikwa kama mkimbizi. Na kwenye kijiji kile, Mzee Deo alikuwa na mtani mmoja.

Nikachukua koti lake zito lililotundikwa ukutani, nikalivaa. Nikaanza kuimba wimbo wake wa kanisani kwa sauti yake ileile, nikielekea makaburini mbele ya jeneza. Akina mama waliokuwa wanalia wakashindwa walie au wafanye nini.

Kaburini wakaweka miti miwili kukatiza shimo, jeneza likalazwa juu, kamba tayari. Katekista akafungua kitabu. Kabla hajasema neno, mimi nikateleza pembeni, puu, nikatua chini, nikalala chali chini ya Mzee Deo.

"Zakaria!" katekista akaita. "Toka humo, ni wakati wa sala!"

"Sitoki. Mzee huyu hajakaguliwa!"

"Nani kasema akaguliwe?"

"Mbinguni kuna mwenye funguo, katekista. Akiulizwa mbao hizi zimetoka wapi, atajibu nini? Mnataka arudishwe?"

Nikasikia kicheko kimoja kimebanwa, halafu Mzee Fide, "Mtani, usitafute kifo."

"Nimeshafika, mzee wangu. Ni wewe unanichelewesha."

Nikawasha tochi ya simu. Hapo niwaambie jambo la kikazi: mkikagua kitu kutokea chini yake, angalieni kwanza kinashikiliwa na nini. Ile miti miwili ilikuwa inalia kwi, kwi. Nembo niliiona haraka, safi, aliigonga mwenyewe. Namba nayo ipo, ila tarakimu ya mwisho ilikuwa imezibwa na uchafu wa miaka. Nikatema mate kwenye kidole nikasugua.

"Anatemea jeneza!" bibi mmoja akapiga yowe.

"Namwosha!" nikajibu. Tarakimu ikatokea. Nikaisoma namba yote kwa sauti, kama mwita abiria wa basi la Kasesya.

Sauti ya Madam ikaja juu, taratibu. "Nimesikia, Zakaria. Lakini siruhusiwi kuandika nilichosikia. Lazima ionekane."

Watu wote wakamgeukia. Nadhani walikuwa wanamdhani mwombolezaji tu. Bibi Skola akasema, "Mwanangu, unataka kumwona nini mume wangu?"

"Chini ya jeneza, bibi. Nisamehe. Ni alama ya mti tu."

Bibi Skola akafikiri. "Ile alama? Alihangaika nayo wiki nzima isipinde." Akakinyooshea kidole kishikwambi. "Mpeni mtani hicho kioo chake."

Kishikwambi kikateremshwa kwa kamba ya kuteremshia jeneza. Nikapiga picha. Mwanga ukalipuka kutoka kaburini, wakakimbia wasichana wote, wazee wanne na katekista. Katekista alirudi wa kwanza, namsifu kwa hilo.

Madam akaitazama picha. Akasema, "Mti umeonekana. Mtumiaji wa mwisho ameonekana." Mwenyekiti Nestory akapiga ishara ya msalaba. Mimi nikaanza kujifuta udongo nitoke na ushindi wangu.

"Bado swali moja," Madam akasema. Sauti yake ilibadilika, nikajua halipendi hilo swali. "Aliyeisoma alama ni mshika nyundo wa kikundi. Ana uhusiano gani na mwenye mbao?"

"Hana!" Mwenyekiti akadakia. "Huyu mgeni, madam! Wa ziwani! Hana uhusiano na mtu yeyote hapa! Zaka, mwambie!"

Nikiwa bado chini ya jeneza niliyaona mambo yote mawili, maana ukilala kaburini unawaza haraka. Nikisema sina uhusiano, nyundo inabaki yangu. Lakini kama sina uhusiano, basi huyu aliyevaa koti la marehemu, aliyelala kaburini mwake, aliyetema mate kwenye jeneza lake, ni nani? Ni mhuni tu aliyemtukana Mzee Deo siku ya mazishi yake, mbele ya mkewe. Nikaona fimbo ya Mzee Fide ikiacha kutikisika. Naye alikuwa anasubiri jibu.

"Mimi ni mtani wake," nikasema.

"Zaka, mjinga wee," Mwenyekiti akanong'ona.

"Huo ni uhusiano, Zakaria," Madam akasema. "Nimetoka Mbeya, siwezi kujifanya sijui utani. Unanielewa? Cheti kitabaki. Wewe hutabaki na nyundo."

"Nakuelewa, madam. Andika mtani. Tena mtani wa kweli, siyo wa kuokoteza."

Akaandika. Nilikuwa nimetunza maneno ya kumalizia, ndivyo mtani anavyofanya, lakini hayakuja. Nilikuwa naangalia alama ya yule mzee juu ya pua yangu, imenyooka kabisa.

Ndipo Bibi Skola akainama ukingoni, akachungulia chini. Macho yalikuwa mekundu, kanga kaishika mdomoni.

"Ukoo gani nyie?" akasema. "Wale walaji wa utumbo wa samaki? Umekuja kumzika mwenzio, umezika na kazi yako!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, na waliokuwa naye wakacheka, Mzee Fide akageuka pembeni mabega yanaruka, na Madam Tusajigwe, mama asiye na mzaha, akajifunika uso na kishikwambi.

Mzee Fide akanipa mkono, nikatoka. Wakashika kamba, wakamshusha.